Mvua haibebi bunduki

Wandugu na wadada wa Kasongo, wa Kabambare, na ninyi watoto wa Maniema mlioko Kindu, Bukavu, Kalemie, Lubumbashi na Kinshasa,

Kila mara watu wanapokimbia vijiji vya Kabambare, wakubwa wanatupa majibu mawili. La kwanza tumelizoea: "Ni makabila." La pili linakuja sasa kwa nguvu, hasa kama kuna wageni na karatasi ya mradi mezani: "Ni mabadiliko ya hali ya hewa." Jibu la kwanza linatuonyesha kama watu waliozaliwa na vita. La pili linawatoa wakubwa kwenye hesabu, juu nani anaweza kupeleka mvua mbele ya tribinali?

Hatukatai kama mavuno mabaya yanasogeza vita karibu. Tunayaona hayo kwetu na tutayaeleza. Tunachokataa ni kusema njia ya kutoka shamba lililokauka mpaka kwenye bunduki imenyooka, kama maji yanayoshuka mlima. Kwenye njia hiyo kuna milango. Kuna bariyeri na taksi, kuna chimbo, kuna ng'ombe wanaoshuka bila mtu kuwaandalia njia. Kila mlango uko na mwenyewe. Leo tunaitaja milango hiyo mmoja mmoja, na tunawauliza wenyewe.

Wataalamu wanasema nini

Mwaka 2004 watafiti watatu, Edward Miguel, Shanker Satyanath na Ernest Sergenti, walitoa kazi juu ya nchi 41 za Afrika, kuanzia 1981 mpaka 1999. Walitumia mvua kupima mshtuko wa uchumi, juu katika nchi ambazo watu wengi wanaishi kwa shamba bila umwagiliaji, mvua ikikosa, makuta nayo inakosa. Walikuta kama uchumi ukishuka kwa pointi 5, hatari ya vita vya ndani mwaka unaofuata inapanda karibu kwa nusu. Kazi hiyo ilisomwa dunia nzima.

Lakini hawakuwa peke yao kusema. Mwaka 2010 Halvard Buhaug wa Norwe alipinga kwamba hali ya hewa njo inaeleza vita vya Afrika. Alionyesha kama umaskini na kutenga makundi fulani kwenye utawala vinaeleza zaidi. Mwaka 2019 wataalamu 11 wa pande zote mbili walikaa pamoja, na makisio yao yakachapishwa katika jarida la Nature: hali ya hewa imegusa kati ya asilimia 3 na 20 ya hatari ya vita vya ndani katika karne iliyopita. Walisema pia kama hatari itaongezeka dunia ikizidi kupata joto, lakini walitaja sababu zingine kuwa nzito zaidi, kama vile umaskini, serikali dhaifu, na tofauti kubwa kati ya makundi.

Somo kwetu ni hili. Mshtuko wa mvua uko kama jiwe linaloanguka. Likiangukia nyumba yenye nguzo, linavunja bati. Likiangukia nyumba iliyokwisha kuliwa na mchwa, linaangusha yote. Wakati Ban Ki-moon aliandika mwaka 2007 kwamba vita vya Darfur vilianza na ukame, wengi walimkumbusha kwamba ukame haukugawa silaha kwa Janjaweed. Serikali ya Khartoum njo iliwapa. Tusikubali Maniema ifanyiwe Darfur ya maneno.

Shamba la kwetu linategemea nini

Kasongo ni nchi ya mpunga tangu zamani. Waungwana wa wakati wa Tippu Tip walilima mpunga hapa, na jeshi la Wabelgiji lilipoingia Kasongo mwezi wa Aprili 1893 lilikuta mashamba makubwa yaliyolisha mji na misafara. Halafu koloni ikaleta kilimo cha lazima: kuanzia 1917 pamba ya Maniema ililimwa kwa amri, na babu zetu walilima cha kuuza cha wengine kabla ya cha kula chao. Tunakumbusha historia hii kwa sababu moja: hapa kwetu, mwenye silaha amezoea kula kutoka shamba la asiye na silaha. Mazoea hayo ni ya zamani kuliko joto la dunia.

Leo mpunga, muhogo, mahindi na karanga vya Kasongo na Kabambare vinategemea paka mvua. Hatuna mifereji. Kiangazi kinaanza karibu na mwezi wa sita, na mvua tunazitazamia tena mwezi wa tisa. Mwenye kupanda mapema mvua ikakatika, mbegu inaoza au inaungua. Mwenye kuchelewa, mpunga unachanua wakati mvua inaisha. Na mvua zinazokuja zote mara moja zinakata barabara. Mwanzoni mwa 2024 mto Kongo ulifika kimo ambacho haukuwahi kufika tangu 1961, na Lualaba yetu njo Kongo huyo huyo kabla hajabadilisha jina. Ongeza kiwavi jeshi, mdudu wa mahindi aliyeingia Afrika mwaka 2016 na kufika Kongo haraka sana. Ongeza magonjwa ya muhogo.

Sasa fikiri familia iliyouza mpunga wote wakati wa mavuno kwa bei ya chini, juu ya deni la hospitali na la shule. Gari halifiki, njo maana mnunuzi anayefika anapanga bei mwenyewe. Miezi michache baadaye familia hiyo hiyo inanunua chakula kwa bei ya juu. Kijana wa nyumba hiyo ako na miaka 17. Hakuna kazi. Wengi wetu tunaoandika hapa tumemaliza iniversite na tuko shomeri, kwa hiyo tunajua vile diploma haimalizi njaa. Yeye hata diploma hana. Katika miezi hiyo, mtu anayekuja na kusema "njoo kwetu, utakula" hahitaji hotuba ndefu.

Vikundi vyenye silaha vinajua kalenda ya shamba kuliko wizara ya kilimo. Miezi ya njaa ni miezi ya kuandikisha vijana. Miezi ya mavuno ni miezi ya kupora. Kwa hiyo hata mwaka mzuri wa mvua hautupi amani wenyewe tu: ghala likijaa bila ulinzi, linaita wezi.

Mlango wa kwanza: taksi na bariyeri

Jirani yetu wa kusini ni jimbo la Tanganyika. Kule, vita kati ya Watwa na Waluba vilifukuza watu zaidi ya 600,000 kutoka makwao, na wengine walivuka kuja kwetu. Watu wengi wamesahau vile moto ulivyowaka tena mwaka 2016 upande wa Kabalo: ugomvi ulikuwa juu ya taksi ya viwavi. Ndiyo, viwavi vya kula, vile vinavyookotwa porini. Watwa, ambao wanaishi kwa pori na hawana shamba la kwao, walitakiwa kulipa juu ya chakula walichookota. Walikataa, na watu wakauawa.

Tuangalie vizuri hapo. Msimu ulileta viwavi, kama kila mwaka. Aliyegeuza kiwavi kuwa damu ni mtu aliyeona maskini ameokota kitu na akanyoosha mkono. Pori halikufanya kosa. Na tusisahau kama hata kwetu Kabambare tuko na Wambote, ndugu wa hao Watwa, na swali la ardhi yao bado halijajibiwa.

Mwaka 2017 shirika la utafiti IPIS la Ubelgiji lilihesabu bariyeri 798 katika Kivu mbili tu, za jeshi, za vikundi na za watumishi wa serikali. Kwetu hatuhitaji mtafiti kutuambia. Mama anayesukuma kinga yenye mizigo ya mpunga kuelekea soko analipa kabla hajauza hata kipimo kimoja. Mavuno yakiwa mabaya bariyeri haipunguzi bei yake. Na tangu Bukavu ianguke mikononi mwa M23 mwezi wa Februari 2025, biashara ya upande ule imekuwa ngumu zaidi. Mtu anayekamua wananchi katika mwaka kama huu anatengeneza waasi wa mwaka ujao, awe na uniforme ama asiwe nayo.

Mlango wa pili: chimbo

Katika Kabambare, shamba likikosa, watu wanaenda Salamabila kwenye zahabu. Chimbo njo banki ya maskini. Baba anaacha mpunga ulioungua, anabeba beshi na karai, anatafuta gramu mbili tatu za kulipa shule. Hivyo familia nyingi zimepita miaka mibaya bila kuvunjika.

Lakini kampuni ya Kanada, Banro, ilipoanza kuzalisha kwa biashara pale Namoya mwezi wa Januari 2016, nafasi ya wachimbaji wa mikono ikawa ugomvi mkubwa. Mai-Mai Malaika walijenga nguvu yao hapo hapo, wakisema wanatetea wenyeji wasio na kazi wala barabara. Tarehe 26 Julai 2019 wafanyakazi wanne wa Namoya walitekwa nyara, na mwezi wa Septemba kampuni ikasimamisha kazi. Kati ya kampuni, jeshi na Malaika, wananchi wa Salamabila walikimbia mara nyingi, na mashamba yao yakabaki majani.

Kuna utafiti wa Nicolas Berman na wenzake, wa 2017, juu ya Afrika nzima: kupanda kwa bei ya madini kunaweza kueleza mpaka robo ya kiwango cha machafuko kati ya 1997 na 2010. Sasa tazama bei ya zahabu: mwezi wa Oktoba 2025 wakia moja ilipita dola 4,000. Wakati bei ya chimbo inapanda hivyo na shamba halilipi, kila mwenye bunduki anajua pa kwenda. Kijana mwenye njaa naye anajua. Wakikutana kwenye shimo moja, nani atashangaa?

Hatusemi zahabu ifungwe. Sheria ya madini ya Machi 2018 inasema asilimia 25 ya redevansi iende kwa jimbo, asilimia 15 kwa sekta ama sheferi ambako chimbo liko, na asilimia 0.3 ya mauzo ya kampuni iende kwa maendeleo ya wenyeji. Zahabu hiyo ingeweza kutengeneza daraja na ghala la mbegu. Swali letu ni rahisi: hesabu ziko wapi?

Mlango wa tatu: njia ya ng'ombe

Wakati wa kiangazi, majani yanapoisha kwenye milima ya Minembwe na Itombwe, wafugaji wameshuka miaka mingi na ng'ombe wao kuelekea mabonde ya Fizi, na wengine mpaka upande wa Luama na Kabambare. Zamani kulikuwa na desturi. Fizi waliiita itulo: mfugaji anapita kwa shefu, anatoa zawadi ya ng'ombe, anaonyeshwa pa kulisha. Desturi hiyo haikuwa kamilifu. Zawadi iligeuka kuwa malipo, na mara nyingi shefu alipokea huku mkulima aliyekanyagiwa muhogo hakupata kitu. Halafu vita vya milimani vikaja, ng'ombe wakaporwa, kila upande ukatafuta watu wa kuulinda, na mazungumzo yakabaki kwa wenye silaha.

Kiangazi kikirefuka, ng'ombe wanashuka mapema na kurudi wamechelewa. Wanakuta shamba bado halijavunwa. Hapo hali ya hewa inaingia kweli, na tunaikubali. Lakini wakati wa kushuka kwa ng'ombe hauji kama radi. Unajulikana miezi mbele. Hakuna sababu mkutano wa wakulima na wafugaji ufanyike baada ya mtu kuuawa wakati ungeweza kufanyika mwezi wa nne.

Ndugu zetu wa Kenya walijifunza kwa damu. Katika Tana River, kati ya Agosti 2012 na Januari 2013, zaidi ya watu 100 waliuawa katika mapigano ya Wapokomo wakulima na Waorma wafugaji. Maji na malisho vilikuwa ndani ya ugomvi huo, lakini siasa za uchaguzi wa 2013 nazo zilikuwa ndani. Tukiona mtu hapa Kabambare anaanza kuhesabu kabila gani lina ng'ombe na kabila gani lina shamba wakati uchaguzi unakaribia, tumjue mapema. Mfugaji si adui yetu. Mbote si adui yetu.

Tunadai nini

Kwa liwali wa jimbo, kwa waadministrateri wa Kasongo na Kabambare, kwa wabunge wetu wa Kindu na Kinshasa, na kwa serikali ya kitaifa:

1. Mbegu kabla ya mvua. Mwaka 2003, pale Maputo, viongozi wa Afrika waliahidi asilimia 10 ya bajeti kwa kilimo. Kongo iko mbali sana na ahadi hiyo. Tunataka ghala la mbegu katika kila sekta na kila sheferi, lijazwe kabla ya mwezi wa nane, na orodha ya waliopokea isomwe mbele ya watu.

2. Bariyeri zote zisizo za sheria ziondolewe kwenye barabara za mazao, kwanza wakati wa mavuno. Taksi halali ziandikwe kwa Kiswahili, na bei yake, kwenye kila soko. Kisichoandikwa kisilipwe.

3. Hesabu za redevansi na za ile asilimia 0.3 zitangazwe, kuanzia Namoya. Wachimbaji wa mikono wapewe maeneo yao halali, waache kukimbizwa na kila mwenye uniforme.

4. Mkutano wa njia za ng'ombe kila mwaka mwezi wa nne, katika Kabambare na pamoja na Fizi. Wakae wakulima, wafugaji, mashefu, Wambote na wamama, juu mara nyingi muhogo uliokanyagwa ni wa mama. Njia zichorwe, tarehe ziandikwe, na malipo ya hasara yafike kwa mwenye shamba.

5. Sheria ya kilimo ya tarehe 24 Desemba 2011 inaweka baraza la ushauri wa kilimo mpaka ngazi ya chini, na inasema ugomvi wa mashamba ya wenyeji upitie kwanza kwenye usuluhishi. Baraza la kwetu linakutana lini? Nani amekaa ndani? Tunataka tarehe.

6. Vijana wanaotoka porini kupitia P-DDRCS wasirudishwe kijijini katikati ya miezi ya njaa na mikono mitupu. Kijana aliyeacha bunduki bila jembe, bila mbegu na bila chakula cha kufika mavuno, tunamwandaa kurudi.

Na sisi wenyewe?

Harakati ya wananchi haiishi kwa kudai tu. Kuna kazi ambazo hazingoji Kinshasa. METTELSAT, idara ya hali ya hewa ya nchi, iko na vituo vichache sana kwa nchi kubwa hivi, lakini kupima mvua hakuhitaji setilaiti. Chombo kilichonyooka, rula, daftari, na kijana mmoja anayeamka kila asubuhi saa moja. Tuko na wenzetu waliosoma agronomi, jiografia na takwimu, wamekaa nyumbani. Tunaomba kila kikundi chetu, mjini Kasongo na kwenye vituo vya Kabambare ambako kuna usalama, kianze daftari mbili: moja la mvua, lingine la bei ya mchele, muhogo na mahindi sokoni kila wiki. Tutazisoma kwenye radio za kwetu, kwa Kiswahili cha kwetu. Mvua ikichelewa na bei ikipanda pamoja, tutapiga kengele mapema, na hapo hakuna kiongozi atakayesema hakujua.

Tunawaomba pia mlio mjini, wenye simu na intaneti: mkipokea ujumbe unaosema kabila fulani limemaliza chakula chenu, msiutume mbele. Ulizeni kwanza bariyeri imechukua ngapi, na zahabu imeenda wapi.

Mwanzoni mwa 2025 hesabu ya kitaifa ya njaa ilionyesha karibu Wakongo milioni 28 wenye njaa kali. Hao wote hawakushika silaha. Wamama wa Kasongo wamelala njaa mara nyingi na asubuhi wakaenda shambani. Kusema njaa peke yake inaleta vita ni kuwatukana. Waliotengeneza vita wako na majina, wako na ofisi, wengine wako na vyeo. Mvua itakuja ama itachelewa, hatuiamuru. Hao tunaweza kuwauliza, na hatutanyamaza mpaka wajibu.

Kasongo isimame. Kabambare isimame. Amani, shamba, haki!